Kujijengea pedali ya gitaa ya fazi (fuzz) ya kizamani: maswali yanayorudi rudi

Wakuu, haya ni maswali ninayoulizwa kila mtu akiona lile boksi langu la bati chini ya mguu. Nimeyapanga toka ya mwanzo kabisa hadi yale ya wanaokwama. Nakaa pwani, kwaiyo joto litatajwa tajwa humu na sio bahati mbaya.

## YA MWANZO

1. Fazi ni nini hasa, na tofauti yake na ovadraivu ni ipi?

Sauti ya gitaa ikiingia inakuwa wimbi la mviringo mviringo, ovadraivu inalikandamiza kichwani kidogo kidogo, fazi inalikata kabisa juu na chini mpaka linakaribia kuwa la mraba. Ndio maana noti inavuma kama nyuki kwenye mzinga na inakaa muda mrefu kabla haijafa. Ukilegeza mkono ovadraivu inakusikiliza, fazi nyingi hazijali, isipokuwa aina moja ambayo ndiyo naipenda, nenda swali la 5.

2. Hii sauti ilitoka wapi?

Ilianza kama uharibifu, kweli tena. Nashville, Marekani, kwenye rekodi ya Marty Robbins iliyotoka 1961, chaneli moja ya miksa ya studio ilikuwa mbovu na solo aliyopiga Grady Martin ikatoka imechanika. Badala ya kuifuta wakaiacha. Injinia Glenn Snoddy akakaa akatengeneza sakiti ya kuiga ule ubovu, Gibson wakaitoa 1962 kwa jina Maestro Fuzz-Tone, na mwanzoni watu hawakuielewa hata kidogo, mpaka Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia 1965 ndio ikaanza kugombaniwa. London mwaka huohuo ikazaliwa Tone Bender ya Gary Hurst, 1966 ikaja Fuzz Face ya Arbiter, lile duara ambalo umbo lake limetokana na kitako cha stendi ya maiki. Big Muff ya Electro-Harmonix ni ya New York, 1969.

Na kabla mtu hajasema haya ni mambo ya wazungu, vuka mpaka tu hapo Zambia: miaka ya 70 bendi kama WITCH na Ngozi Family walikuwa wanapiga fazi mpaka mziki wao ukapewa jina lake, Zamrock.

3. Sijawahi kushika chuma cha lehemu maishani, nitaweza?

Utaweza, ila usianzie kwenye pedali. Omba kwa fundi redio bodi mbovu, kaa nayo jioni mbili unabandua vitu na kuvirudisha. Kosa la karibu kila mtu ni kuyeyusha lehemu kwenye chuma alafu kuipaka kwenye waya kama siagi. Hapana, chuma kinapasha sehemu ya kuunga kwanza, sekunde mbili tatu, alafu lehemu unaigusisha kwenye sehemu yenyewe na sio kwenye chuma, ikitambaa yenyewe na kung'aa umepata. Ikibaki kidonge cha kijivu kimejikunja, rudia, hicho ndicho kitakachokusumbua baadae saa sita usiku.

## KUCHAGUA

4. Nianze na ipi?

Bazz Fuss, usibishane na mimi. Ina transista moja (kipande kinachokuza sauti), dayodi moja, rezista ya 10k (yaani omu elfu kumi), kapasita mbili na poti (kitufe cha kuzungusha) ya 100k ya volyumu. Basi. Unaijenga kwenye bredibodi, ile bodi ya matundu ya kuchomekea vipande, bila hata kulehemu, ukiifuata kwenye mchoro inaongea siku hiyohiyo, na wala sio kichezeo maana sauti yake ni nene kuliko pedali nyingine za dukani. Ikishaongea ndio uende Fuzz Face ya silikoni (silikoni na gerimani ni vitu vinavyotengenezea transista, nenda swali la 6). Wanaoruka moja kwa moja kwenye Big Muff yenye vipande zaidi ya arobaini ndio haohao wanaonitumia picha wiki tatu baadae wakiuliza "mkuu hii imekosea wapi", na mi kwenye picha naona tambi tu.

5. Fuzz Face, Tone Bender, Fuzzrite, Big Muff, zinatofautiana vipi kwa masikio?

*Fuzz Face*: transista mbili, vitufe viwili. Ndiyo ile niliyosema inasikiliza. Inaiburuza pikapu ya gitaa (ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) kwasababu inapokea mkondo mwingi kutoka kwake, kwaiyo ukishusha volyumu ya kwenye gitaa lenyewe toka 10 hadi 6 au 7, fazi inajisafisha na kubaki sauti safi inayometameta, ukirudisha inaunguruma. Unakuwa na pedali mbili kwenye kidole kimoja. Jimi Hendrix aliishi humo.

*Tone Bender MkII*: transista tatu za gerimani, kali, ina katikati ya kutosha, inapenya kwenye bendi. Nzuri sana na ngumu kuituni, maana transista tatu za gerimani ni wagonjwa watatu chumba kimoja.

*Fuzzrite*: ya Mosrite, 1966. Nyembamba, inakwaruza, kama spika iliyopasuka. Kuna watu wanaipenda hivyohivyo, rahisi kujenga kwa silikoni.

*Big Muff*: transista nne za silikoni, inakaa kama ukuta na noti haifi. Kasoro yake ni kwamba kitufe chake cha toni kinachimba shimo katikati ya sauti, nyumbani peke yako unajiona mfalme, ukifika kwenye bendi yenye kinanda na tarumbeta unapotea kabisa, unaona mkono wako unacheza tu.

Mi chaguo langu Fuzz Face, na sababu ni ile volyumu ya gitaa. Hizo nyingine unaziwasha na kuzizima, hii unaipiga.

6. Gerimani au silikoni? Kila mtu anasema gerimani ndiyo sauti halisi.

Wanaosema hivyo wengi wao wanakaa kwenye baridi. Transista ya gerimani inavujisha umeme hata kama hujaiamrisha, na mvujo huo unakaribia kuongezeka mara mbili kila joto likipanda nyuzi 10. Sasa chukua pedali iliyotuniwa kwenye chumba cha nyuzi 20 London, ilete Dar mwezi wa pili saa nane mchana, mahesabu yote yamehama.

Ya kwangu ya kwanza ya AC128, transista za gerimani, niliituni alfajiri, ikawa tamu mpaka nikamwamsha jirani. Mchana tukaenda kupiga kwenye sherehe, turubai, jua linawaka, nikaikanyaga ikatoa sauti kama mtu anatema mate kwenye maiki: noti inakuja, inakatika, inakoroma. Nikaihamishia nyuma ya jokofu la soda, dakika kumi ikapona. Watu wakadhani ni mbwembwe.

Silikoni nayo inavuja, ila kidogo mno kiasi kwamba hutajua. Ni kali zaidi, ina nguvu zaidi, inajisafisha kidogo kuliko gerimani, na haikuaibishi. Fuzz Face zenyewe zilianza na gerimani za NKT275 na AC128, baadae wakahamia BC108 na BC183 za silikoni, na Hendrix alitumia zote. Kwaiyo ukijenga ya silikoni hujajenga feki. Unakaa Arusha, Njombe, Limuru? Gerimani itakuvumilia. Unakaa Tanga, Mombasa, Dar, anza na silikoni, na kama moyo umegoma soma swali la 20.

7. Napiga dansi na benga, fazi itanifaa?

Kwa solo la noti moja moja, ndio, tena linashtua watu vizuri. Kwa zile noti mbili mbili tunazozipenda, za tatu na za sita zinazotembea pamoja, hapana. Fazi ikipewa noti mbili kwa pamoja inazalisha za ziada ambazo hukuzipiga, jumla na tofauti za zile mbili, zinagombana humo ndani mpaka unasikia uji. Noti ya tano na oktevu zinavumilika. Ridhimu usiiguse na fazi kabisa, labda ushushe volyumu ya gitaa kama nilivyoeleza swali la 5.

8. Na besi je?

Bazz Fuss ilitengenezwa ikilenga besi, jina lenyewe linasema. Fuzz Face kwenye besi inakubali ukiongeza kapasita ya kutokea, toka 10nF weka 100nF, chini kunarudi.

## VIFAA

9. Naomba orodha kamili ya Fuzz Face ya silikoni.

Transista mbili za NPN (ziko aina mbili, NPN na PNP, chanya na hasi zake zinaungwa kinyume). Rezista nne: 33k, 8.2k, 100k, na ya 330 omu. Kapasita tatu: 2.2µF ya kuingilia, 22µF ya kwenye kitufe cha fazi, 10nF ya kutokea. Poti mbili: 1k ya fazi na 500k ya volyumu. Jeki mbili, swichi ya mguu, kishikio cha betri ya volti 9. Yaani vipande 11 ukiacha mabati, ndio maana nasema hii ni sakiti ya mtu mvivu.

Mawili ya kuzingatia. Ile 330 ndiyo inaamua utasikika kiasi gani, ukiona pedali imepoa ukilinganisha na sauti safi, weka 1k badala yake, mi naweka 1k toka siku ya kwanza. Na zile kapasita za elektroliti zina upande: kwenye NPN chanya ya 2.2µF inatazama transista, sio gitaa, na chanya ya 22µF inatazama poti, hasi inakwenda ardhini.

10. BC108 sipati, niweke nini?

BC109 ni ndugu yake, BC547 pia ni damu moja ila imevaa plastiki. 2N3904 inakubali. C945 na C1815 za kwenye redio na TV za zamani zinakubali, fundi yeyote Kariakoo au Luthuli Avenue anazo kwenye kopo.

Balaa liko kwenye miguu. Ukiishika upande bapa ukikutazama, miguu chini, kushoto kwenda kulia: BC547 ni kolekta, besi, emita (majina ya miguu mitatu, besi hapa sio gitaa la besi). 2N3904 ni emita, besi, kolekta. C945 na C1815 ni emita, kolekta, besi. Mtu anabadilisha aina bila kugeuza miguu alafu anakuja kusema sakiti ni mbovu.

Nguvu ya kukuza, ile mita inaandika hFE, usikimbilie kubwa. BC547C inaenda 420 hadi 800 na itakupa mafua ya kelele, BC547A ya 110 hadi 220 inatulia vizuri. Ndogo weka ya kwanza, kubwa weka ya pili.

11. Poti ya 500k hamna kabisa mtaani kwetu.

Tumia 100k ya volyumu ya redio, ila badilisha na kapasita ya kutokea toka 10nF iwe 47nF. Hizo mbili zinafanya kazi kama chujio la pamoja, ukishusha poti bila kupandisha kapasita unapoteza sauti zote nzito za chini, sauti inabaki ya simu. Ukibadilisha zote mbili hutasikia tofauti.

12. Kuna redio ya babu ya Philips haifanyi kazi, naweza kupata gerimani humo?

Kama ni ya miaka ya 60 au mwanzo wa 70, uwezekano ni mkubwa: tafuta AC128, AC126, OC71, OC72, kwenye sehemu ya sauti karibu na spika. AC127 pia ila hiyo ni NPN, usichanganye. Omba ruhusa kwa babu kwanza. Na kwa heshima kabisa, kama inaweza kupona, iponye.

Kutoa: gerimani haipendi moto, shika mguu kwa koleo katikati ya chuma na mwili wa transista ili joto liishie kwenye koleo.

Za kuagiza mtandaoni nimeshapigwa. Niliagiza kumi za gerimani, zikaja na maandishi mapya mazuri, kuzipima kumbe ni silikoni zimeandikwa upya. Kipimo cha haraka: mita kwenye alama ya dayodi, besi na emita, gerimani inasoma 0.2 hadi 0.3 hivi, silikoni 0.6 kwenda juu.

13. Najuaje gerimani yangu ni nzima?

Mita ya kawaida inakudanganya maana inahesabu mvujo kama nguvu ya kukuza. Fanya hivi kwa PNP: betri ya volti 9, emita kwenye chanya, kolekta kwenye hasi kupitia rezista ya 2.4k, besi iache hewani. Pima volti juu ya ile 2.4k, huo ndio mvujo. Alafu unganisha besi na hasi kupitia rezista ya 2.2M, pima tena. Toa ya kwanza kwenye ya pili, zidisha kwa 100, umepata nguvu halisi, makadirio mazuri tu. Mfano: hewani 0.3, na besi 1.2, tofauti 0.9, yaani 90.

Ikisoma zaidi ya 0.7 hewani weka pembeni. Na usiishike kwa vidole unapopima! Ishike makusudi mara moja uone, namba inaanza kupanda mbele ya macho yako kwa joto la vidole tu, ukiiachia inashuka polepole. Hapo ndipo nilipoelewa yale ya turubai.

Kwa Fuzz Face tafuta 70 hadi 90 ya kwanza, 110 hadi 130 ya pili.

14. Boksi lazima niagize la aluminiamu?

Lazima liwe la chuma, aluminiamu sio lazima. Fazi inakuza kila kitu pamoja na mvumo wa nyaya za ukutani, chuma kikiunganishwa na ardhi ya sakiti kinauzuia, plastiki haizuii chochote. Mkebe wa biskuti unafanya kazi, tatizo lake ni bati laini, ukikanyaga swichi linabonyea. Weka kipande cha mbao ndani chini ya swichi.

## KUJENGA NA KUREKEBISHA

15. Volti ngapi ziwe wapi?

Kolekta ya transista ya pili iwe kama 4.5 na betri mpya. Hiyo peke yake inaamua kila kitu, kwaiyo badala ya 8.2k weka trima (poti ndogo ya kuzungusha kwa bisibisi) ya 10k au 20k uizungushe ukipima. Kwenye silikoni kolekta ya transista ya kwanza utaikuta kama 1.2, besi yake 0.6. Ukishafika 4.5 sikiliza kwa masikio, wengine wanaipenda 5, ikiwa chini sana noti zinakatika mkiani.

16. Nimemaliza, haitoi sauti.

Kwanza swichi ikiwa imezimwa gitaa linapita? Kama halipiti, tatizo ni jeki au swichi, sakiti iache. Kama linapita, pima volti za swali la 15. Ukikuta kolekta zote zina 9 au zote zina 0, tisa kati ya kumi umekosea miguu ya transista, rudi swali la 10. Volti ziko sawa na bado kimya? Kapasita ya kutokea au poti ya volyumu.

17. Inashika redio, nasikia mpaka mawaidha.

Karibu chamani. Silikoni zenye nguvu kubwa zinapokea stesheni za redio kama zimelipwa. Weka kapasita ya 100pF kati ya kolekta na besi ya transista ya kwanza, waya wa kuingilia uwe mfupi, boksi lifungwe. Zikiwa BC547C, badilisha.

18. Betri au adapta?

Fuzz Face inakula chini ya miliampia moja, taa ya LED inakula zaidi ya fazi yenyewe. Betri ya bei chee, ile ya kawaida isiyo alkalaini, inatosha na wengi tunaipenda zaidi. Ila chomoa waya wa gitaa ukimaliza, ukiuacha betri inaendelea kuisha. Adapta ya simu sahau, ni volti 5 na kelele tupu.

## YA PEMBENI

19. Sina ampu, napiga moja kwa moja kwenye miksa ya kanisani, inasikika kama msumeno.

Itasikika hivyo kwa sababu spika ya ampu ya gitaa inakata zile kali za juu, kuanzia kama kilohezi 5 hivi, na spika za PA, zile kubwa za ukumbini, hazikati chochote. Kwenye miksa shusha kitufe cha juu mpaka mwisho.  Na mwambie anayekaa kwenye miksa kabla hujaikanyaga, asije akakufunga akidhani waya umekatika.

Hapohapo: Fuzz Face iwe ya kwanza kutoka kwenye gitaa. Gitaa lenye pikapu za betri, au pedali yenye bafa (sakiti ndogo inayotenganisha gitaa na kinachofuata) mbele yake, vinaua ule ujanja wa kujisafisha. Pedali ya wah nayo inapiga kelele zikikutana, hapo hamna ujanja zaidi ya bafa ndogo katikati.

20. Nimesoma yote, bado nataka gerimani na nakaa pwani.

Sawa. Njia ya kwanza ni kujenga ya PNP na ile trima ya swali la 15 uitoe nje iwe kitufe cha tatu, mchana unazungusha kidogo kulia, usiku kidogo kushoto. Kumbuka PNP ya kizamani ardhi yake ni chanya, usiiunganishe kwenye adapta moja na pedali nyingine maana utapiga shoti, ipe betri yake.

Njia ya pili ndiyo ninayotumia mimi sasa: ya kwanza silikoni, ya pili AC127. Kwenye Fuzz Face mvujo unaoumiza zaidi ni wa transista ya kwanza, kwasababu unapita kwenye ile 33k, mvujo wa maikroampia 100 tu unakula volti 3.3 pale. Ya kwanza ikiwa BC547A, hilo limekwisha, na ya pili inabaki na ule ulaini wa gerimani. Zote NPN kwaiyo ardhi ni hasi kama pedali nyingine, adapta moja inatosha. Weka soketi kwenye transista zote mbili usizilehemu, utazibadilisha tu, najua.